Ufafanuzi Kuhusu Majina Bandia ya Tovuti za Serikali

Mkazi wa Kitaji, Musoma, atafutaye kazi serikalini huelekezwa kwenye ajira.go.tz. Tapeli naye aweza kusajili, kwa fedha kidogo tu, jina lenye maneno "ajira" na "tz" lakini linaloishia .com, akaweka humo Nembo ya Taifa na kudai ada. Jina la tovuti husomwa kutoka mwisho: kikoa cha .go.tz ni cha taasisi za umma pekee.

Jina bandia likiwa chini ya .tz, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania yaweza kulishughulikia. Likiwa chini ya .com, malalamiko hupelekwa kwa kampuni iliyolisajili, ambayo huenda iko ng'ambo. Tangu tarehe 5 Aprili, 2024, mikataba ya ICANN, shirika liratibulo majina ya intaneti duniani, inazilazimu kampuni hizo kuchukua hatua zikipata ushahidi wa kutosha kwamba jina latumika kunasa nywila au kueneza programu haribifu. Masharti hayo, jambo lisilosemwa sana, hayavihusu vikoa vya nchi; kila nchi hujitungia utaratibu. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2018, imefanya unyakuzi wa majina ya vikoa kuwa kosa la jinai. Tanzania, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, huadhibu udanganyifu na kughushi kwenyewe.

Hata hivyo, kufungwa kwa jina hakurejeshi fedha zilizokwisha kutumwa. Aliyetapeliwa anatakiwa kuripoti polisi mapema, akiwa na anwani kamili ya tovuti, tarehe na kumbukumbu ya muamala.