Kinyago cha mjamzito: Kwa nini anayekivaa ni mwanaume?

Matiti mawili, tumbo kubwa, na chale zimechorwa kuzunguka kitovu. Ukikiona kinyago hiki cha Kimakonde kwenye makumbusho utasema ni mwanamke. Ni kweli, lakini kwenye ngoma anayekivaa ni mwanaume.

Kinyago hiki cha kiwiliwili hufungwa kifuani kwa kamba, na usoni huvaliwa kingine chenye sura ya kike. Mchezaji anakwenda polepole kama mjamzito, anaigiza uchungu wa kuzaa. Ngoma hii huchezwa vijana wanapotoka jandoni na unyagoni. Kinachongwa kwa mti mwepesi; mpingo ni mzito mno kucheza nao.

Kwa nini mama? Wamakonde, kama majirani zao Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, kwa jadi huhesabu ukoo upande wa mama. Hata simulizi yao ya asili inasema mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke, kulipokucha ikawa mtu, akawa mkewe.

Sasa kikitundikwa ukutani, nusu ya maana inabaki uwanjani.

Mwaka 2010 makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalirudisha kinyago cha uso cha Kimakonde, kilichoibwa mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mti unaweza kurudi kwa ndege. Maana yake hairudi hivyo. Hiyo wanayo wazee, na inabaki tu kama vijana watawauliza.