Jifunze Kupiga Kayamba

Je, unaona haya kujiunga na kikundi cha ngoma kwa sababu umri umekwenda? Mimi nilianza nikiwa na miaka 42, katika kikundi kimoja cha kijiji huku Kilifi.

Kayamba ni bapa. Hutengenezwa kwa matete. Ndani mna mbegu. Lishike kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa juu. Liinamishe kulia, kisha kushoto. Mbegu zitateleza na kulia. Gumba nalo ligonge kufuata pigo.

Siku ya kwanza nilitikisa kwa nguvu. Waimbaji wakapotea. Mama mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, usilikimbize. Sikiliza miguu ya wachezaji." Nikapunguza mwendo. Wimbo ukarudi.

Wewe ulijifunza kusoma silabi moja moja. Kayamba nalo hujifunzwa pigo moja moja.

Ukitengeneza lako, jihadhari. Usitie zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Zina sumu kali. Kayamba likipasuka, mtoto anaweza kuziokota na kuzitafuna. Tia mtama mkavu.

Jioni, ukitoka shambani, nenda kwenye kikundi. Keti karibu na mpigaji hodari. Mtazame, msikilize, kisha omba kayamba.