Tutunze Udongo Karagwe na Kyerwa (2): Maji Yazuiwe Kuanzia Mlimani

Juma lililopita tulieleza jinsi matone ya mvua yanavyovunja udongo ulioachwa wazi. Leo tuyafuate maji yanaposhuka.

Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, ni nchi ya vilima na mabonde. Mvua za vuli zinapoanza, mara nyingi hukuta nyasi za rweya (eneo la nyasi lisilolimwa) vilimani zimechomwa moto kiangazi, na mashamba ya mahindi na maharage yako matupu. Maji yasipozama huteremka. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne; hivyo kijifereji cha juu huwa korongo bondeni. Udongo wenye rutuba ndio unaotangulia kwenda, hadi Mto Kagera na Ziwa Victoria.

Kibanja cha migomba na kahawa huhimili kwa sababu ya kivuli na matandazo. Hata hivyo, matandazo husombwa ikiwa jirani wa juu ameyaachia maji. Dawa ni makingamaji, yaani mitaro na matuta yanayokata mteremko.

Kwanza, pima; usikisie kwa macho. Funga miti mitatu iwe umbo la herufi A, kisha ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Kamba ikigusa alama ya katikati ya mti wa kulala, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Pigilia vigingi, sogea, pima tena, hadi upate mstari unaokata mteremko.

Pili, chimba mtaro kufuata vigingi hivyo na utupe udongo upande wa juu uwe tuta. Hii ndiyo "fanya juu". Panda majani ya tembo au guatemala juu ya tuta: mizizi italishika, na ng'ombe watapata malisho. Kila msimu udongo hujikusanya nyuma ya tuta, na mteremko hupungua.

Kuanzia 2010, mradi wa bonde la Kagera uliosimamiwa na FAO katika Tanzania, Rwanda, Burundi na Uganda ulifundisha wakulima kupitia mashamba darasa. Elimu ipo, upungufu ni umoja. Tuta la mtu mmoja katikati ya mlima hubomolewa na maji ya wenzake. Basi wenye mashamba ya mlima mmoja wakutane kabla ya vuli, wakubaliane kutochoma rweya, na wachimbe pamoja wakianzia juu.

Juma lijalo: kuvuna maji ya paa na ya barabarani.