Baba Ana Kazi, Lakini Mtoto Amekonda



Asubuhi moja katika kliniki ya watoto, mama mmoja alimweka mtoto wake wa miezi 14 kwenye mizani. Kijitabu chake kilikuwa safi, chanjo zote zimetimia. Lakini mstari wa uzito ulikuwa haujapanda kwa miezi mitatu, na tulipomzungushia mtoto utepe mkononi ulionyesha rangi ya manjano. Tukamwuliza anakula nini. Uji asubuhi, sima na mchuzi jioni. Mchuzi wa nini? Mama akainama. Ulikuwa wa nyanya na kitunguu tu. Maharagwe waliyaacha bei ilipopanda. Mumewe ni mlinzi wa usiku na hulipwa kila mwezi. "Mbona hukutuambia mapema, mama?" Akajibu: "Sista, sisi si watu wa kuomba. Baba ana kazi."

Sisi nasi tuna lawama. Mwezi uliotangulia tulimwuliza kazi ya mume, tukaridhika na jibu, tukamwita mwingine. Foleni ilikuwa ndefu. Tena tumezoea kudhani kwamba njaa hukaa kwa mjane, kwa yatima na kwa mzee asiye na mtu.

Hata misaada ya serikali hapa Kenya imepangwa hivyo. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa nyumba zinazolea yatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa. Ni haki yao. Lakini kijana mwenye mke, watoto watatu na mshahara mdogo haonekani katika orodha yoyote. Kilichomfikia yeye ni ruzuku ya unga, nayo imekuja na kuondoka. Mwezi wa Mei 2017 pakiti ya kilo 2 iliuzwa shilingi 90. Mwezi wa Julai 2022, bei ikiwa imefika shilingi 205, serikali iliishusha hadi 100 kwa majuma machache kabla ya uchaguzi, na wengi walifika dukani wakakuta unga umekwisha. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali mpya iliacha ruzuku ya unga ikachagua ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 ukatoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Mbolea ni jambo jema kwa mkulima. Mlinzi anayepanga chumba kimoja mjini hana shamba la kuitia.

Tumeona jinsi jiko linavyobadilika pesa zisipotosha. Kwanza huondoka nyama, na hilo si hatari sana. Kisha maziwa ya chai. Kisha mafuta hununuliwa ya shilingi kumi kumi. Maharagwe, ndengu na omena huondoka mwisho, na hapo ndipo mtoto mdogo huanza kukonda, kwa sababu sima peke yake hujaza tumbo bila kujenga mwili. Baba atashiba sima kubwa. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Kila kijiko kinachoingia lazima kiwe na nguvu.

Basi, pesa zikipungua, wazazi tunawasihi msianze kukata hapo. Afadhali sima iwe ndogo kidogo na maharagwe yabaki. Loweka maharagwe usiku kucha yaive upesi, uokoe makaa. Ya mtoto yaponde, changanya na sima laini, tia kijiko cha mafuta na mchicha au kunde zilizokatwa vizuri. Omena huoshwa, hukaangwa, hutwangwa, na kijiko kimoja cha unga wake katika chakula cha mtoto ni kitu kikubwa. Mtoto wa miezi 9 hadi miaka miwili ale mara tatu au nne kwa siku, katika sahani yake mwenyewe, na aendelee kunyonya. Mkaka wake wa miaka sita asiachiwe kazi ya kumlisha. Atakula yeye.

Jambo jingine ni mahindi. Wengi wameacha unga wa pakiti wakarudi kusaga kinuni. Si kosa, ingawa unga wa pakiti, kwa sheria ya tangu 2012, huongezwa madini ya chuma na vitamini, na ule wa kinuni kwa kawaida hauongezwi. Kwa hiyo mboga za majani zisikosekane. Hatari yenyewe ni mahindi ya bei ya chini mno, yenye ukungu au yaliyobadilika rangi. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu huo, aflatoksini. Kuyapika sana hakuondoi sumu. Usinunue, na wala usiwape kuku.

Sasa ule utepe. Hupima mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kijani ni sentimita 12.5 na zaidi. Manjano, kati ya 11.5 na 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo anahitaji matibabu siku hiyo hiyo. Pia bonyeza miguu yake yote miwili kwa kidole gumba: shimo likibaki, mlete hata kama mashavu yanaonekana manene. Kupima ni dakika moja. Hatuulizi barua ya chifu wala kama baba ana kazi.

Mtoto yule tulimwona kila baada ya majuma mawili. Mara ya tatu utepe ulifika kijani, kwa shida. Aliyemleta siku hiyo ni baba mwenyewe, ametoka zamu ya usiku, bado amevaa koti lake la kazi. Mama alikuwa amekwenda kufulia watu nguo.