Mto tunao, unga tunanunua: uzi kuhusu "wajilishe wenyewe"

Kuna sentensi haikosi kwenye mdahalo ukigusa Kaskazini Mashariki. Inakuja kwa upole, kama ushauri: "Hao watu wa Garissa si wako na Mto Tana? Walime, wajilishe wenyewe, waache kungoja msaada." Juzi niliisikia tena na waliokuwepo wakapiga makofi. Leo tuifungue pole pole. Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji mtu, sitaji chama.

Kwanza mjue naongea kutoka wapi. Mimi ni mtoto wa Waberi, hapa Garissa mjini, na nasoma sayansi ya siasa. Mjomba wangu, abti tunavyosema sisi, analima ekari mbili na kitu kando ya mto. Ana ndizi, mapapai, ndimu, nyanya, na matikiti msimu ukikubali. Huyo ndiye "mkulima wa mtoni" anayezungumziwa kwenye midahalo.

2020 nilikuwa kidato cha tatu. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa 13 Machi, siku chache baadaye shule zikafungwa. Tulidhani ni wiki tatu hivi. Darasa letu lilirudi Januari 2021. Miezi mingi ya hapo katikati nililala shambani kwa abti, kwa hivyo najua kilichokuwa kwenye sufuria.

Asubuhi anjera: unga wa dukani. Chai: majani na sukari ya dukani, maziwa ya mbuzi wetu wakiwa na maziwa. Mchana wali au pasta: dukani. Jioni ugali: unga wa pakiti, dukani. Mafuta na chumvi, dukani. Kilichotoka shambani kilikuwa nyanya, pilipili, kunde, ndizi na papai. Huyu ni mkulima kabisa, jembe mkononi, matope mpaka magotini, na bado sehemu kubwa ya chakula cha watoto wake ilitoka kwa duka.

Hapo mtu wa mdahalo atasema, "Si apande mahindi basi?" Nilimuuliza abti swali hilo hilo nikiwa na miaka kumi na saba na akili nyingi. Akacheka. Garissa mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400, na yenyewe inakuja ikitaka. Kila kitu kinanyweshwa kwa pampu. Mahindi ya abti yanakunywa dizeli, ya Trans Nzoia yananyweshewa na Mungu. Yakifika sokoni bei ni ile ile. Kwa hivyo analima ndizi, anauza, ananunua unga. Si uvivu wala ujinga, ni hesabu ambayo mwenye duka yeyote angeipiga vile vile.

Sasa neno lenyewe. "Kujitosheleza kwa chakula" kwenye midahalo linabeba vitu vitatu tofauti na msemaji anaruka kutoka kimoja hadi kingine bila kutuambia. Kuna nchi kulima kinachowatosha raia wake. Kuna kaunti kufanya hivyo. Halafu kuna nyumba moja kula jasho lake yenyewe. Nchi inaweza kujaza maghala na nyumba ya abti ilale njaa. Nyumba ya abti nayo inaweza kushiba mwaka mzima bila kupanda punje ya mahindi. Mwanauchumi Amartya Sen alilieleza hili mwaka 1981 akichunguza, kati ya nyingine, njaa ya Bengal ya 1943: watu walikufa chakula kikiwepo, kwa sababu walipoteza njia ya kukifikia. Njia hizo ni kulima mwenyewe, kuuza ulicho nacho ununue, kuuza nguvu zako, au kupewa. Nyumba nyingi za huku zinatumia zote nne kwa wiki moja.

Corona ilifanya nini? Ilifunga njia, moja baada ya nyingine.

27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa, hakuna abiria kuingia wala kutoka. Malori ya chakula yaliruhusiwa, na hapo ndipo wengi husema "lakini chakula hakikuzuiwa!" Kweli. Lakini mkulima mdogo hana lori. Ndimu zake gunia mbili zinapanda juu ya basi, na mama anayezinunua anasafiri na basi hilo hilo. Basi likisimama, ndimu zinaoza kihalali kabisa, hakuna sheria iliyozizuia. Dadaab nako, kwenye kambi zenye wanunuzi wengi kuliko miji mingi ya huku, mwisho wa Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka.

Halafu Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili. Kwa mwenye shamba la mtoni hiyo ndiyo biashara ya mwaka: matikiti, mapapai, nyanya za sambusa. Biashara hiyo hufanyika usiku, watu wakitoka tarawehe. Mwaka ule misikiti ilikuwa imefungwa. Magharibi ni kama saa kumi na mbili na nusu, kafyu saa moja. Ukifungua kwa tende na maji, umebaki na nusu saa ya kuuza. Shangazi yangu alikuwa na kibanda cha matunda. Alikaa nyumbani mwezi mzima akituambia tule matikiti, na tulikula mpaka tukayachoka. Hapo nyumba yetu "ilijilisha" kama wanavyotaka watu wa mdahalo: matikiti tele, unga hakuna.

Wafugaji, ambao ndio wengi Garissa, yaliwapata yao. Masoko ya mifugo kaskazini yalifungwa kwa muda, na mbuzi ambaye hauziki hageuki gunia la mchele. Tena nzige walikuwa wameshaingia tangu mwisho wa Desemba 2019 kupitia Mandera na Wajir. Mwaka ule ulikuwa na hasira.

Na mto? Mto wenyewe ulikuja shambani. Mvua za 2020 zilinyesha kupita kiasi nyanda za juu, mabwawa yakajaa, na Mei, bado tukiwa ndani ya Ramadhani, Tana ikavunja kingo. Tuliokoa pampu kwanza. Watu wanne tuliivuta usiku, kafyu ikiwa kafyu, kwa sababu ndizi zikienda unapanda nyingine, pampu ikienda umekwisha. Asubuhi ndizi zilikuwa zimelala kwenye maji kama zimechoka. Zaidi ya mwaka wa kazi. Sijawahi kumuona abti amekaa chini mchana isipokuwa siku ile.

Tulikula nini basi? Hapa watu wa "jilishe" wana hoja yao, na lazima niwape. Kunde za nyanya yangu, kipande kidogo juu ya mkondo ambacho abti alikuwa anakidharau, zilitulisha majani karibu kila siku. Mbuzi wawili walitoa maziwa ya watoto. Kulikuwa na mkebe wa nyirinyiri uliofichwa kwa ajili ya wageni, na wageni hawakuja. Nyumba yenye kitu kidogo cha kwake huwa inapata wiki mbili tatu za kupumua kabla ya kuanza kukopa. Hilo si jambo dogo.

Lakini unga ulikuja kwa simu. Binamu yangu alituma mia tano, siku nyingine elfu moja. Kumbuka kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka ule kutuma hadi elfu moja kwa M-Pesa kulikuwa bure. Mwenye duka akaandika deni kwenye daftari lake bila kuuliza litalipwa lini. Kama kuna aliyetulisha 2020, ni yule mwenye duka, na jina lake halitasikika kwenye hotuba yoyote.

Twende kwenye siasa yenyewe. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Haisemi "kila mtu alime." Jedwali la Nne linagawa kazi: kilimo ni cha kaunti, sera ya kilimo ni ya taifa. Na mstari ambao watu hawausomi: usalama wa mabwawa umewekwa upande wa taifa. Kwa hivyo shamba la abti ni la kaunti, na mabwawa matano yaliyo juu yake, kuanzia Masinga hadi Kiambere, ni mambo ya taifa. Maji yakimwagika huko juu hayafiki Garissa siku hiyo hiyo. Kuna muda wa kuonya, na kuna muda wa kuulizana ni nani alipaswa kuonya. Kwenye mdahalo huu wa pili ndio mrefu.

Miradi mikubwa nayo inaahidiwa kila msimu. Chini kidogo ya kwetu, ng'ambo ya mto, kuna Bura, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya pamba. Ardhi iliyofunguliwa haikufika nusu ya iliyopangwa, na maji yalitegemea pampu za dizeli. Pampu zikafa, mimea ikakauka. Ni shida ile ile ya abti, kwa ukubwa wa serikali.

Kwa hivyo ukisikia "wajilishe wenyewe," mwulize msemaji: dizeli ya nani? Mafuriko yakija, nani anapiga simu na kwa lugha gani? Ndizi zikienda na maji, kuna bima au ni daftari la duka? Na siku ukifunga barabara, gunia mbili za ndimu zinasafiri vipi? Akijibu hata mawili, msikilize. Akisema "watu wabadilishe fikra," endelea na shughuli zako.

Abti alipanda tena ndizi, safari hii sehemu ya juu. Ile ya chini ameweka mahindi kidogo, si ya kuuza. Nilimuuliza kama dizeli inalipa. Akasema hailipi, lakini 2020 bado anaikumbuka.

Uzi ujao: ardhi ya kando ya mto ni ya nani. Mwenye swali aniachie hapa chini, nitajibu usiku.