Usiitupe Spika ya Zamani

Huenda nyumbani kwako ipo redio ya zamani juu ya kabati. Ilikuwa ya baba au ya babu. Siku moja ilianza kukwaruza, kisha sauti ikapotea. Mtu akasema, "Spika imekufa, nunua nyingine." Usikubali upesi. Mara nyingi spika haijafa. Imechanika tu, au waya wake umekatika.

Spika hufanyaje kazi? Nyuma yake ipo sumaku nzito. Mbele ipo karatasi ngumu yenye umbo la mdomo wa tarumbeta. Mafundi huiita koni. Nyuma ya koni umezungushwa waya mwembamba wa shaba, nao umeingia katika nafasi ndogo ndani ya sumaku. Waya huo uliozungushwa huitwa koili. Umeme wa redio ukipita katika koili, sumaku huisukuma mbele na nyuma upesi sana. Koni hutikisika pamoja nayo, na hewa hutikisika. Hewa hiyo ikifika sikioni, unasikia sauti. Weka kiganja karibu na ngoma inayopigwa, utaielewa habari hii.

Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya namna hii mwaka 1925. Spika nyingi za leo bado zinafuata njia yao. Kwa hiyo spika ya babu si kitu kigeni. Sumaku yake hudumu miaka mingi. Vinavyozeeka ni karatasi, gundi na ukingo wa koni.

Kabla ya kuanza, toa betri zote. Kama redio inatumia umeme wa ukutani, usiifungue. Redio zenye taa za kioo ndani zina umeme mkali unaoweza kubaki hata baada ya kuchomolewa. Umeme huo unaweza kuua. Mpelekee fundi akutolee spika.

Sasa fungua redio yako ya betri. Utaona nyaya mbili zimeshikizwa kwenye spika kwa risasi. Chukua kalamu uandike: waya huu uko upande gani, na ule uko upande gani. Hapa ndipo kisomo kinapolipa. Kisha zitenganishe. Shika bisibisi kwa nguvu, maana sumaku huivuta, nayo hutoboa koni. Spika nyingi zimeharibiwa hivyo na watu waliotaka kuzitengeneza.

Chukua betri moja ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya. Gusisha kidogo kwenye vichwa viwili vya spika, kisha ondoa. Usishikilie, koili itapata moto. Ukisikia "kra" na koni ikaruka, koili ni nzima. Usiposikia kitu, tazama nyaya mbili laini zinazotoka kwenye vichwa hivyo kwenda kwenye koni. Nyaya hizo hucheza kila koni inapocheza, kwa hiyo hukatika. Fundi ataziunga kwa kazi ndogo. Lakini kama ni nzima na bado spika iko kimya, koili imekatika au imeungua. Hapo ndipo ununue nyingine. Soma nyuma ya ile ya zamani: huandikwa omu 4 au omu 8, au namba nyingine. Nunua yenye namba ile ile na upana ule ule.

Kama koni imechanika, kazi ni yako. Futa vumbi kwa brashi laini, bila maji. Chukua kifuko cha majani ya chai kilichotumika, cha karatasi, kikaushe, ukate kiraka kinachozidi mpasuko kidogo. Karatasi yake ni nyepesi na haikatiki ovyo. Paka gundi nyeupe ya mbao, kidogo tu, ubandike kwa nyuma kama mkono unafika. Usitumie gundi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, wala usirundike viraka. Koni nzito haichezi vizuri. Acha ikauke mpaka kesho.

Ukingo wa sponji ni habari nyingine. Sponji ikizeeka hugeuka unga mikononi, haishoneki wala haibandikiki. Inabidi kuondoa yote na kuweka ukingo mpya, huku koili imekaa katikati kabisa. Ikienda upande, itakwaruza. Kazi hiyo mwachie fundi. Ukingo wa karatasi au wa kitambaa una nafuu, unatiwa kiraka kama koni.

Gundi ikikauka, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Isipokwaruza, rudisha nyaya kama ulivyoandika, tia betri, ufungulie redio kwa sauti ndogo kwanza. Ongeza polepole. Na redio isirudi karibu na meko, maana moshi na joto huila karatasi mapema kuliko miaka.