Kwa nini kila programu yahitaji kitufe cha ‘Tendua’

MAKOSA ya kidole humpata kila atumiaye tarakilishi, lakini si kila programu impayo nafasi ya kuyarekebisha. Nafasi hiyo huletwa na kitufe kidogo kiitwacho ‘Tendua’, ambacho ni rahisi kusahauliwa na waundaji wa programu ndogo za maduka, shule na vyama vya ushirika.

Chukua mfano wa karani wa chama cha wakulima katika soko la Myanga, Kaunti ya Bungoma, anayeingiza kwenye jedwali idadi ya magunia ya mahindi yaliyopokewa kutoka kwa kila mkulima. Akichagua mstari usiofaa na kubonyeza ‘Futa’, magunia 40 ya mkulima mmoja hutoweka. Kitufe cha Tendua kikiwapo, mstari hurejea papo hapo. Kisipokuwapo, karani hana budi kutafuta daftari au stakabadhi. Zikikosekana, mkulima hubaki na neno lake tu siku ya malipo.

Wazo hili si geni. Programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo, iliyoundwa mwaka wa 1974 katika kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto, Marekani, tayari ilikuwa na amri ya kutendua. Kampuni ya Apple nayo iliitia amri hiyo katika tarakilishi zake za Lisa (1983) na Macintosh (1984). Leo hii watumiaji wengi huijua kwa vibonye vya Ctrl na Z.

Kiswahili nacho kina njia yake ya kueleza jambo hili. Funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, panga huzaa pangua. Kwa utaratibu uo huo, tenda huzaa tendua.

Kinavyofanya kazi

Kuchora kitufe kwenye skrini ni kazi ya dakika chache. Ugumu umo nyuma yake, kwa kuwa programu haiwezi kurejesha isichokikumbuka. Kila tendo linalobadilisha data sharti lihifadhiwe pamoja na kinyume chake. Mtumiaji akifuta mstari, programu huweka akiba mstari wenyewe na mahali ulipokuwa. Akibadilisha 40 kuwa 4, programu huhifadhi ile 40.

Kumbukumbu hizo hupangwa kama rundo la sahani: iliyowekwa mwisho ndiyo hutolewa kwanza. Tendo lililotenduliwa huhamia rundo la pili, linalotumiwa na kitufe cha ‘Rudia’. Mtumiaji akifanya tendo jipya, rundo hilo la pili huondolewa, kwani hali limebadilika na yaliyomo hayalingani tena na data iliyopo.

Waundaji hawalazimiki kuanza na mikono mitupu. Qt ina QUndoStack, na Java ina UndoManager. Katika Tkinter ya Python, kisanduku cha maandishi kina uwezo huo, ila huwa umezimwa hadi uwashwe. Hata hivyo, uwezo huo wa Tkinter hurejesha maandishi ya kisanduku hicho tu. Mstari uliofutwa katika hifadhidata hauguswi.

Aidha, kitufe chafaa kufifia iwapo hakuna la kutendua, na kutaja tendo lenyewe, kwa mfano ‘Tendua kufuta mstari’, ili mtumiaji ajue kinachorudi.

Yasiyotenduliwa

Yapo matendo ambayo yakishatoka nje ya mashine hayarudi kwa kitufe. Safaricom, iliyozindua M-Pesa mwaka wa 2007, ilianzisha huduma ya Hakikisha mwaka wa 2015, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kusitisha. Pesa zikishapita, mtumaji huomba zirejeshwe kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa nambari 456, na huenda asizipate iwapo mpokeaji amekwisha kuzitumia. Gmail nayo huizuia barua kwa muda usiozidi sekunde 30 kabla ya kuituma. Huko ni kuchelewesha tendo, wala si kulitendua.

Katika hesabu za fedha, vilevile, si vyema kosa kufutwa bila alama. Wahasibu huandika ingizo la kinyume, ili anayekagua aone kosa na marekebisho yake.

Baadhi ya waundaji huridhika na swali la ‘Una hakika?’ Lakini anayeulizwa mara 50 kwa siku huzoea kujibu ‘Ndiyo’ bila kusoma, na hapo swali halimkingi tena.

Ni heri basi uwezo wa kutendua upangwe tangu siku ya kwanza, kwani kuuongeza baadaye huweza kulazimu matendo mengi katika programu yaandikwe upya. Naye mnunuzi, awe mwenye duka wa Kitale au chama cha Myanga, aijaribu programu kabla ya kulipa: aingize mstari mmoja, aufute, kisha atazame kama atapata njia ya kuurudisha.